Mililita Mia na Hamsini

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo pale pale, iitwayo Utulivuni. Wananchi wake ni wavumilivu kiasi kwamba wageni wakiwaona mara ya kwanza hudhani wamesinzia. Ina mlima mmoja, mito miwili, na kiongozi mmoja ambaye kwa adabu huitwa Mtukufu Mlezi. Katika miaka ishirini na sita ya kulea kwake, Mtukufu Mlezi hakuwahi kutoa hotuba iliyokuwa fupi kuliko ile iliyoitangulia.

Katika nchi hiyo aliishi fundi mmoja, Ladislaus Kifyoga, mwenye miaka hamsini na tisa. Kazi yake ilikuwa vipaza sauti vya serikali. Kila penye mkutano wa taifa alikuwapo, ndani ya kibanda cha mbao pembeni ya jukwaa, hedifoni masikioni, mkono juu ya vitufe vya sanduku la sauti ambalo serikali ililinunua kabla yeye hajaoa. Sanduku hilo lilikuwa na tabia zake. Likipata joto lilizima, na ni Kifyoga peke yake aliyejua mahali pa kulipiga kofi likawaka tena.

Shida yake ilimwanza miaka minne nyuma. Hayakuwa maumivu. Ilikuwa haja ndogo isiyopiga hodi. Anaweza kuwa amekaa vizuri anazungumza na watu, mara anasimama katikati ya sentensi na kuondoka karibu mbio, na akifika msalani anatoa mkojo wa kujaza kikombe cha kahawa, basi. Baada ya nusu saa, tena. Mara kumi na nne kwa siku, kwa hesabu ya mkewe, Mama Restituta. Aliacha kwenda harusini. Kanisani aliacha kukaa katikati ya benchi. Vyoo vyote vya mji mkuu alivijua, vilivyo wazi na vilivyofungwa, na tabia za wale walioshika funguo.

Sasa, Utulivuni kuna Sheria ya Usikivu, inayomkataza mtu yeyote kuondoka mahali Mtukufu Mlezi anapozungumza. Kifyoga alikuwa akiponea kwa njia moja tu: kutokunywa hata tone la maji tangu siku moja kabla ya mkutano. Siku ya Sikukuu ya Umoja hiyo njia ilimshinda. Hotuba ilikuwa imeingia saa ya tatu, Mtukufu akiwa bado kwenye utangulizi, haja ikamkamata fundi kama mkono wa polisi. Akavua hedifoni, akatoka.

Alichelewa dakika sita, kwa sababu choo cha karibu kilikuwa cha wageni wa heshima na ilibidi azunguke. Huku nyuma sanduku likapata joto, likazima. Watu elfu arobaini wakabaki wanamtazama Mtukufu akipanua mdomo na kuufumba. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Wale wanaoongoza makofi waliendelea kupiga kila aliponyanyua kidole, na uwanja ukawafuata. Kifyoga aliporudi alilipiga sanduku kofi, sauti ikarejea ikisema, "na nadhani mpaka hapo mmenielewa," na uwanja mzima ukaitikia kwamba umeelewa.

Mambo yangeishia hapo. Lakini makarani wa kumbukumbu za taifa walikuwa na dakika sita zisizo na neno. Walijifungia siku nne wakijaribu kubuni alichosema Mtukufu, wakashindwa kukubaliana kama katika dakika hizo alilaani uvivu au aliahidi barabara, na mmoja wao, kwa uchovu, akaripoti.

*

Iliundwa Tume ya Sauti Iliyopotea. Mwenyekiti wake, Bwana Sanguti, alikuwa mtu mpole, anayesema kama anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Bwana Kifyoga, ulikwenda wapi?"

"Kujisaidia, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Ulikwenda kujisaidia mwenyewe, wakati taifa zima lilikuwa linasaidiwa?"

"Ninaumwa, Mheshimiwa. Haja ikinijia hainisubiri."

Bwana Sanguti alimtazama kwa huruma. "Kila mtu anaumwa kitu. Swali la Tume ni kama ugonjwa wako una cheti."

Kifyoga hakuwa na cheti. Alikuwa na aibu tu, na aibu haigongwi muhuri. Mwenyekiti akamfafanulia kwamba serikali si katili. Mgonjwa aliyepimwa husamehewa. Mgonjwa asiyepimwa ni mtoro, na mtoro wa kiwango hicho huenda miaka miwili kwenye Shamba la Kutafakari. Kifyoga alilisikia jina hilo akahisi kibofu kinajikunja. Kila mtu alijua kwamba Shambani vyoo hufunguliwa mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni, kengele ikigongwa.

"Lakini una bahati," alisema Bwana Sanguti. "Hospitali Kuu imepata mashine ya kupima mkondo wa mkojo. Nenda ukapimwe. Tunakupa siku thelathini."

Kifyoga alishukuru, akaomba ruhusa ya kutoka. Wakamwomba kwanza asikilize neno la kufunga kikao. Lilichukua dakika ishirini na tano, na alilisikiliza akiwa amesimama kwa vidole vya miguu.

*

Mashine yenyewe haikuwa na makuu. Ilikuwa kiti kisicho na kitako, chini yake faneli, chini ya faneli chombo chenye waya, na pembeni kisanduku kinachochora mstari kwenye karatasi. Mwanamume anasimama, anakojoa, kisanduku kinaandika ametoa kiasi gani na kwa kasi gani. Waziri wa Afya alipoizindua alisema kwamba kuanzia siku hiyo mkondo wa mwananchi hautakuwa tena jambo la kubahatisha, na magazeti yakaandika hivyo kwa wino mwekundu.

Nje ya chumba cha mashine palikuwa na benchi refu, na juu yake wanaume kama ishirini, wazee kwa watu wazima, wamebana mapaja, kila mmoja anatazama sehemu yake ya ukuta. Ukutani palikuwa na tangazo: KUKOJOA KABLA YA KUPIMWA MKOJO NI KUHUJUMU KIPIMO. Ili kuwasaidia wagonjwa wasihujumu, choo cha korido kilikuwa kimetiwa kufuli. Aliyetoka nje kwenda kichakani alipoteza namba yake na kuanza upya mwisho wa benchi.

Kifyoga alipoteza namba yake mara tatu asubuhi ile. Mara ya nne alijikuta ameketi karibu na mzee mmoja mkaguzi wa mizani mstaafu, aliyejitambulisha kwa jina la Hemedi Pwele.

"Wewe ni mara ya ngapi?" aliuliza Mzee Pwele.

"Ya kwanza."

"Karibu. Mimi ya nane. Bora yangu ni mia na kumi na nane."

"Mia na kumi na nane nini?"

"Mililita, bwana. Wanataka mia na hamsini. Chini ya hapo mashine haihesabu." Mzee Pwele alisogea kidogo, akabana zaidi. "Miaka thelathini nilikuwa navunja mizani za watu sokoni zikipungua hata nusu ratili. Sasa na mimi napungua."

Kifyoga alipoitwa aliingia akakuta watu watatu. Wa kwanza fundi wa mashine. Wa pili karani wa Wizara mwenye daftari. Wa tatu alikuwa mama mnene mjumbe wa Chama, aliyekaa kwenye kona anafuma kitambaa cha meza, kazi yake ikiwa kuhakikisha kwamba kilichotoka kimetoka kweli.

"Tulia tu, baba," alisema yule mama bila kuinua macho kwenye sindano yake. "Jifanye hatupo."

Kifyoga alijifanya hawapo. Mwili wake haukudanganyika. Haja iliyokuwa ikimkimbiza tangu asubuhi ilijificha kabisa. Alisimama robo saa, fundi anapiga miluzi ya kumtia moyo, karani anatazama saa. Hatimaye ukatoka mkojo mdogo, kama wa mtu anayeomba radhi. Kisanduku kikachora kilima kifupi, kikatema karatasi: mililita sitini na nne. Karani akagonga muhuri wa BATILI.

*

Daktari wa wadi ile alikuwa Asteria Ndimbo, kijana wa kike mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliitazama karatasi, akaiweka mezani.

"Baba, inatakiwa uje na kibofu kilichojaa. Kikiwa na kidogo, mashine haiwezi kusema kitu cha kuaminika kuhusu kasi. Hilo si uonevu, ndivyo kipimo kilivyo."

"Daktari, kama ningeweza kushika mkojo wa mililita mia na hamsini, ningekuja hapa kufanya nini?"

Daktari Asteria aliinuka akafunga mlango.

"Najua," alisema. "Mashine inapima unavyotoa. Wewe tatizo lako ni kutunza. Nimeandika barua tano Wizarani nikieleza hivyo. Ya mwisho walinijibu kwamba mashine imeshazinduliwa."

"Dawa hakuna?"

"Zipo. Zimejaa stoo. Zinatoka kwa cheti cha kipimo halali."

Alimpa daftari jembamba. Akamwelekeza kuandika kila safari ya msalani kwa siku tatu, saa ngapi na kiasi gani, akipima kwa kikombe. Kwa ugonjwa wa aina yake, alisema, daftari hilo lingeeleza mengi kuliko mashine. Kifyoga aliandika kwa uaminifu wa fundi. Siku ya nne akalipeleka mbele ya Tume likiwa na safari arobaini na tatu, na kubwa kupita zote ilikuwa mililita tisini na tano.

Bwana Sanguti alilifungua kwa ncha za vidole. "Limeandikwa vizuri sana," alisema. "Lakini Bwana Kifyoga, mtu hawezi kuwa shahidi wa mkojo wake mwenyewe." Akalirudisha, akamkumbusha kwamba zimebaki siku ishirini na mbili.

*

Mama Restituta alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, na katika maisha yake hakuwahi kukutana na mtu aliyeshindwa kabisa kufundishika. Aliposikia habari ya mililita mia na hamsini alikwenda jikoni, akachukua jagi la maziwa lenye mistari ya vipimo, akaweka mstari wa rangi ya kucha pale panapohusika.

"Tutaongeza kidogo kidogo," alisema. "Haja ikija, usikimbie. Kaa. Bana, pumua, hesabu kutoka mia ukirudi nyuma."

"Na nikifika sifuri?"

"Unaanza upya kutoka mia."

Basi mzee huyo, aliyetunza sauti ya taifa kwa miaka thelathini na moja, akawa anakaa kwenye kiti cha sebuleni, jasho likimtiririka, anahesabu kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, mkewe amesimama mbele yake na saa ya ukutani mkononi. Mara nyingi aliinuka kabla ya sitini. Siku moja alifika kumi na moja, akasimama kwa furaha, na pale pale mlangoni ikamwagika yote, suruali na sakafu.

Alibaki ameshika fremu ya mlango. Mama Restituta alikuja na tambara, akapiga magoti, akafuta.

"Uliolewa na mtu mzima," alisema Kifyoga, "sasa umepewa mtoto mchanga."

"Nimelea wanne. Inua mguu."

Aliinua mguu. Alimtazama utosini, palipoanza kuwa na mvi ambazo hakuziona zikiingia, akatamani amwambie jambo zuri. Alichoweza kusema ni kwamba pale penye kona hapajafutwa. Mama Restituta akapafuta.

Baada ya wiki mbili jagi lilisoma mia na kumi. Kisha mia na ishirini. Siku ya ishirini na saba lilisoma mia na thelathini na nane, na Mama Restituta akaandika namba hiyo kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu, akaweka na alama ya vema. Usiku ule Kifyoga alilala akitabasamu, ingawa aliamka mara tano kama kawaida.

*

Siku ya ishirini na tisa alirudi kwenye benchi. Alimtafuta Mzee Pwele, hakumwona. Aliuliza.

"Alikamatwa Jumanne," alisema mtu wa karibu yake kwa sauti ya chini. "Aliingia na chai ya rangi kwenye chupa, ameificha kwenye koti. Akafika mia na hamsini na tisa. Yule mama anayefuma akasikia harufu ya tangawizi."

"Ikawaje?"

"Kughushi mkojo wa taifa. Yuko Shambani."

Kifyoga alihesabu kutoka mia. Alihesabu mara saba, mara tisa, akapoteza hesabu, akaanza tena. Nyuma ya kitovu palikuwa na kitu kizito kinachowaka. Alipoitwa alitembea kama mtu aliyebeba beseni lililojaa hadi ukingoni. Mama wa Chama alikuwa amefika kwenye pindo la kitambaa chake.

Safari hii hakujifanya hawapo. Hakuwaona kabisa. Kisanduku kilichora mlima mrefu, mpana, uliopanda na kushuka taratibu, kikatema karatasi. Mililita mia na hamsini na mbili. Karani alitafuta muhuri wa HALALI kwa muda, kwa kuwa haukuwa umetumika mwezi mzima na wino wake ulikauka. Ilibidi aupulizie pumzi ya moto.

Fundi wa mashine alimpa Kifyoga mkono. Nje, wanaume wa benchi walisimama, wale walioweza kusimama. Daktari Asteria alipoiona karatasi aliandika mara moja ombi la dawa, akaandika pia maelezo ya ukurasa mzima kwa ajili ya Tume, jinsi mgonjwa alivyofanya mazoezi na jinsi ambavyo bado anakwenda msalani mara kumi na mbili kwa siku. Kifyoga alimshika mikono yote miwili.

"Mungu akutunze, mwanangu."

Daktari alitabasamu, lakini alikuwa anaangalia mlango.

*

Tume ilikaa kesho yake. Bwana Sanguti aliisoma karatasi ya mashine kwa makini, mbele na nyuma, akaisifu. Mkondo ulikuwa na nguvu, alisema. Hapakuwa na kizuizi popote. Taifa lina haki ya kujivunia mkondo kama huo kwa mtu wa umri huo.

"Sasa nisaidie kuelewa, Bwana Kifyoga. Ulikaa kwenye benchi muda gani kabla ya kuitwa?"

"Saa mbili na nusu, Mheshimiwa."

"Bila kutoka?"

"Bila kutoka."

"Ukiwa na mililita mia na hamsini na mbili."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Bwana Sanguti alivua miwani. Sauti yake ilizidi kuwa laini. "Basi unaweza kushika."

Kifyoga alitaka kueleza habari ya jagi, ya hesabu, ya tambara, akagundua kwamba kila neno lingethibitisha kwamba anaweza. Daktari Asteria, aliyekuwa ameitwa kama shahidi, alisimama akasema kwamba mtu akikimbia mbio mara moja kwa kuogopa simba haimaanishi kwamba mguu wake haujavunjika. Aliombwa aketi. Alipokataa kuketi, aliombwa atoke, na wiki iliyofuata alihamishiwa zahanati ya mpakani ambako, kwa mujibu wa barua ya uhamisho, kulikuwa na uhitaji mkubwa wa watu wanaopenda kuzungumza.

Uamuzi ulisomwa. Kifyoga ni mzima wa afya, kwa kipimo halali cha serikali, na kwa hiyo hastahili dawa. Kosa lake lilistahili Shamba. Hata hivyo, kwa kuwa tangu asimamishwe kazi mafundi vijana watatu wamelipiga lile sanduku makofi kila upande na halikuwaka, na kwa kuwa Sikukuu ya Mavuno inakaribia, Tume imeona huruma. Atarudi kazini. Kitakachoongezwa ni mkanda wa ngozi kwenye kiti chake, utakaofungwa hotuba ikianza na kufunguliwa hotuba ikiisha, na ufunguo utashikwa na askari.

"Unaweza kusema ahsante," alisema Bwana Sanguti.

Kifyoga alisema ahsante.

*

Siku ya Sikukuu ya Mavuno hotuba ilichukua saa tano na robo. Kifyoga alifungwa mkanda saa tatu asubuhi. Alihesabu kutoka mia kwa muda aliouweza. Kabla ya saa ya pili kwisha ilimwagika, ya moto, ikaingia kwenye viatu, na askari aliyekaa nyuma yake alisogeza kiti chake nyuma kidogo, bila neno, ili asilowe.

Katika saa ya nne Mtukufu Mlezi alinyamaza kidogo, kama afanyavyo anapotaka watu watafakari. Uwanja ukatafakari. Ndani ya hedifoni, ambako kipaza sauti cha jukwaani humnasa hata inzi, Kifyoga alisikia kitu. Nyuma ya meza ya kuhutubia, iliyozungushiwa pazia mpaka chini, kitu kilikuwa kinadondoka ndani ya ndoo. Kilidondoka, kikakata. Kikadondoka tena kidogo, kikakata. Ulikuwa mkojo kidogo sana. Mashine ya Hospitali Kuu isingeuhesabu.

Alimhurumia yule mtu kwa muda wa kama nusu dakika. Kisha akakumbuka mkanda. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe. Angeweza kukizungusha kulia, na watu elfu arobaini wangesikia. Alikaa hivyo, akisikiliza, na aligundua kwamba hakuwa na hasira ya kutosha. Ilikuwa imetoka pamoja na ile haja. Akakizungusha kushoto, taratibu, kama fundi hodari, mpaka sauti ya matone ikapotea. Hotuba ikaendelea.

Jioni Mama Restituta alimsubiri getini na kanga ya kumfunga kiunoni. Alimvua suruali uani, akaifua, akaisuuza mara mbili, akaianika. Alipomaliza kubana kibanio cha mwisho alinyanyua macho akatazama nyua za majirani, zilizopakana na kwao kwa ua mfupi wa makuti. Kwa mwalimu wa hesabu ilikuwa suruali moja. Kwa mama wa kona, mbili. Kwa mchungaji, kwa fundi saa, kwa karani wa posta, mpaka mwisho wa mtaa, suruali nyeusi za sherehe zilikuwa kambani zinachuruzika maji.

Jirani mmoja alitokeza na beseni lake tupu, akamwona anatazama.

"Habari za sherehe, Mama Restituta?"

"Nzuri tu. Za kwenu?"

"Nzuri. Hotuba ilikuwa nzuri."

"Sana," alisema Mama Restituta, akaingia ndani.